Mshenga wa Gari la Kijani

Kiti cha dereva kilikuwa na joto.

Bakili alikiwekea kiganja, akakiondoa, akakiweka tena. Gari lilikuwa limefungiwa ndani ya banda lile la mabati, huko Upanga, kwa miaka minne. Vumbi la juu ya boneti lilikuwa zito kiasi cha kuandikika jina, matairi yote manne yamelala chini, na buibui wamefuma tangu usukani hadi kwenye kioo. Lakini ngozi ya kile kiti ilikuwa na joto la mtu aliyeketi muda mrefu, akanyanyuka sasa hivi kumpisha mgeni. Na ndani mlinukia udi.

Aligeuka kumtazama Abbasi. Mwenzake alikuwa amechuchumaa kule mbele, anafuta taa kwa pindo la shati lake, anatabasamu peke yake kama bwana harusi.

"Vipi, fundi?" Abbasi aliuliza. "Linafaa?"

Anaeli, karani aliyeachiwa funguo na mwenye gari aliyehamia ng'ambo, alikuwa amesimama nje juani. Tangu wafike hakuwa ameingia bandani hata hatua moja. Funguo aliwarushia kwa mbali.

Bakili alijua maana ya joto lile na harufu ile. Kwao Masasi na hapa mjini watu hawakutofautiana katika jambo hilo: kiti chenye joto bila mtu kina mwenyewe asiyeonekana. Neno lilimfika hadi kwenye meno. Akalimeza.

"Hili ndilo," alisema. "Chukua hili."

Watu hawa wawili walikuwa wapangaji wa nyumba moja ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Vyumba vyao vilitazamana, ua ulikuwa mmoja, choo kimoja. Bakili alikuja mjini akiwa kijana, akajifunza ufundi wa magari kwa kuwashikia taa mafundi wa Gerezani, mpaka akafika mahali akawa yeye ndiye anayeshikiwa taa. Abbasi alikuwa mzaliwa wa hapohapo, mwendesha winchi bandarini, mcheshi, anayependwa na kila mtu. Walikula sahani moja kwa miaka. Abbasi alipotaka kumwoa Sabaha, Bakili ndiye aliyekuwa mshenga, yeye aliyepeleka posa na kurudi na jibu. Mwenyewe hakuwa ameoa.

Kitu kimoja Bakili alikitamani tangu ujana wake: gari dogo la mbio, la milango miwili, injini mbele na nguvu zote zikienda magurudumu ya nyuma, lile ambalo ukikanyaga mafuta unahisi linakusukuma mgongoni. Alikuwa ametengeneza ya watu wengi. Alikuwa ameyaendesha kutoka gereji mpaka kona, akayarudisha. La kwake hakupata kuwa nalo. Kisha jioni moja Abbasi, asiyejua hata plagi inakaa wapi, akaja barazani na habari kwamba yeye anataka kununua gari la namna hiyohiyo.

"Si jipya, bwana, jipya nitalitoa wapi miaka hii? La mkono wa pili, la bei ya mtu kama mimi. Ila liwe ambalo naweza kulitengeneza mwenyewe hapa uani, wewe ukinielekeza." Akamshika bega. "Unajua mapenzi ya magari haya nimeyapata kwa kukusikiliza wewe. Nichagulie."

Bakili alicheka, akasema haya. Usiku kucha kifua kilimwaka kama mtu aliyekunywa siki. Alikuwa amekaa na ndoto ile miaka kumi na tano, na huyu ameisikia barazani tu, akaiokota, akaenda nayo.

Gari la kwanza walilolitazama lilikuwa la Kiingereza, lisilo na paa. Bakili alichukua bisibisi akaisukuma sakafuni, ikapenya kutu mpaka ardhini. Hapo alisema kweli: hili usilinunue. La pili lilikuwa la Kijapani, mali ya mwalimu mmoja wa Ilala. Walilipeleka Barabara ya Pugu, Bakili usukanini. Injini yake ilikuwa ileile ya teksi za mjini, kwa hiyo hata katika uhaba ule wa spea isingekosa kifaa. Lilikuwa na kabureta moja tu, na boneti ukiifungua kuna nafasi ya kuingiza mkono kila upande. Halikuwa na kutu. Difu, pale kati ya magurudumu ya nyuma ambapo magari haya huugulia uzeeni, lilikuwa kimya. Mtu mwenye boksi moja la spana na subira angeweza kulitunza gari lile mpaka azeeke. Lilikuwa ndilo gari ambalo Bakili angelichagua kama angekuwa anajichagulia.

"Difu linalia," alisema.

Abbasi alitega sikio. "Mimi sisikii kitu."

"Ndiyo maana wewe unaendesha winchi."

Ndivyo walivyofika Upanga, kwenye banda la mabati, kwenye gari la kijani kama chupa.

Bakili alitazamia litamshinda mwenzake. Lilikuwa na kabureta mbili ambazo hata mafundi wazoefu huzigombeza, na nyaya zake zilikuwa zimetafunwa na panya. Atahangaika nalo miezi mitatu, alijiambia, kisha atalitelekeza uani kuku watagie, na watu watasema Abbasi alijifanya mjuaji. Hakumtakia zaidi ya hapo. Au alijiambia hivyo.

Lakini gari lilimtii Abbasi. Kila jioni alirudi kazini, akavaa kaptula, akainama kwenye boneti, na mkono wake ambao haukuwahi kushika spana ulikwenda wenyewe mahali panapotakiwa. Alisafisha kabureta akazirudisha bila kubakiza hata skrubu moja. Alibadilisha klachi peke yake. Siku alipoliwasha kwa mara ya kwanza, mtaa mzima ulitoka kuliangalia, na injini ikanguruma chinichini kwa raha, kama paka anayekunwa shingo. Bakili alisimama mlangoni akipiga makofi pamoja na wengine. Viganja vilimuuma.

Sabaha, mkewe Abbasi, alikuwa mja mzito wa miezi saba. Alipanda gari lile mara moja tu. Walikwenda mpaka Mnazi Mmoja wakarudi, na alipotaka kushuka mlango ulijifunga wenyewe juu ya vidole vyake. Abbasi aliupapasa mlango, si vidole. Wiki ile ile Sabaha aliamka asubuhi msuko mmoja wa nywele zake haupo, umekatwa kando ya sikio, na akaukuta umefungwa fundo kwenye rungu la gia, ndani ya gari ambalo funguo zake zililala chini ya mto wa mumewe.

Alimfuata Bakili uani, akaongea akiwa amefunika mdomo kwa ncha ya khanga.

"Shemeji, kuna mwanamke kwenye gari lile."

"Mwanamke gani?"

"Nilidhani ni mtu. Nilidhani amepata hawara, anampakia akitoka bandarini. Nikanusa viti, nikakuta udi. Mimi udi sina, shemeji, nautoa wapi? Nikanyamaza nimwotee." Aliangalia nyuma yake. "Jumapili nikamwona. Amekaa ndani ya gari peke yake. Anacheka. Anajibiwa."

Miaka ile serikali ilikuwa imezuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa ajili ya kubana mafuta. Saa nane ikipiga, Kariakoo nzima ilikuwa kama imefunikwa blanketi. Ungesikia mtu akikohoa mtaa wa pili. Basi saa hizo, Abbasi alipokuwa hana pa kulipeleka gari, ndizo alizozipenda kuliko zote. Aliingia, akapandisha vioo, akakaa humo joto lote lile mpaka Magharibi. Bakili naye alikuwa amesikia. Alikuwa amesikia tangu Jumapili ya kwanza, kupitia dirisha lake, sauti ya Abbasi na chini yake nyingine nyororo kama mafuta, na hakumwambia mtu.

"Ni uchovu, shemeji," alimwambia Sabaha. "Hali yako hiyo."

Jumapili iliyofuata, Sabaha akianika nguo uani, gari lilijongea, injini ikiwa imezimwa. Hakuna aliyelisukuma, na ua ule ni tambarare kama meza. Lilikwenda polepole likambana ukutani, bampa ikamgusa tumbo, ikasimama hapo. Alipiga kelele zilizowatoa watu vyumbani. Abbasi alishuka kutoka kiti cha dereva, macho yake meupe na mepesi, akasema bila haraka, "Anakutania tu."

Bakili ndiye aliyelisukuma nyuma. Na kwa kuwa sasa hofu ilikuwa imemfika, alileta jeki, akalinyanyua upande wa nyuma, akaliweka juu ya magogo mawili, magurudumu yanaelea hewani. Akatoa betri akaifungia chumbani kwake. Gari lisilo na betri, lisilogusa ardhi kwa magurudumu yanayolisukuma, haliendi popote. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Wiki ikapita, Jumapili ikaja. Abbasi alikuwa amelala chumbani tangu asubuhi, usingizi wa mtu asiyeamshika. Saa nane ikapiga, mtaa ukanyamaza, na katika ukimya ule Bakili akasikia kitu kikizunguka uani. Vyuu. Vyuu. Vyuu. Alitoka. Magurudumu mawili ya nyuma yalikuwa yanazunguka hewani, taratibu, kama ya gari linalotembea matembezi na mpenzi.

Sabaha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono yote miwili tumboni. "Shemeji," alinong'ona, "kalitazame. Kama ni bovu sema ni bovu, liondoke hapa. Wewe ndiye fundi."

Aibu ndiyo iliyompeleka. Alilala chali, akajivuta chini ya gari kama alivyojivuta chini ya magari elfu, akitafuta sababu, maana fundi hukimbilia sababu kama mtoto akimbiliavyo mama. Hapakuwa na sababu. Propela shafti, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu nyuma, lilikuwa linazunguka juu ya kifua chake, jeusi, limelowa mafuta, na injini kule mbele ni ya baridi na imekufa, na betri iko chumbani imefungiwa kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo unamchoma pajani ndani ya mfuko wa suruali yake. Kisha udi ukamshukia, mzito, kana kwamba mtu ameweka kitezo sakafuni juu yake, na spiringi za kiti cha dereva zikalia, moja baada ya nyingine, jinsi zinavyolia mtu anapoketi kwa madaha akijiweka sawa nguo yake, na bodi yote ikashuka kidogo upande ule kwa uzito wa yule aliyeketi, na Bakili akataka kutoka na miguu ikakataa, akataka kusoma aya aliyofundishwa utotoni na ulimi ukawa kama kipande cha mpira, na kutoka juu yake, karibu kabisa, kama vile midomo imebandikwa kwenye bati la sakafu, sauti ya mwanamke ikasema:

"Ahsante, mshenga."

Bakili alifumba macho.

"Uliniwekea kiganja siku ile, ukajua nipo, ukanyamaza. Ukamwambia chukua hili. Nimekaa miaka minne gizani bila mume, na wewe umenipelekea mzuri." Shafti iliongeza mwendo. "Usiniogope. Wivu wako na wangu ni maji ya kisima kimoja. Wewe hukutaka apate gari. Mimi sitaki apate mtoto."

Hapo mkono wa shati lake ulishikwa. Shafti iliubana, ikaanza kuuzungusha, ikamvuta bega juu, juu, mpaka uso wake ukakaribia chuma, na akahisi pumzi ikitoka kwenye giaboksi, ya moto na yenye unyevu. Alipiga yowe, akajipindua, shati likachanika toka kwapani hadi kiunoni. Alitoka chini ya gari akitambaa kwa magoti, na hakusimama mpaka alipokuwa barabarani.

Alikwenda Feri kwa miguu, nusu uchi, watu wakimtazama. Pale Feri, sokoni kwa wavuvi, alikuwapo mwanamke wa Buguruni aitwaye Bi Mgeni. Mchana alikaanga samaki. Wenye shida walijua kazi yake nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, usianguke kwenye mafuta yangu."

Alimsimulia yote, ila kile kiti. Bi Mgeni aligeuza vibua vyake upande wa pili, akasikiliza mpaka mwisho.

"Jini wa namna hii hamwingii mtu ovyo," alisema. "Hupelekwa. Nani amempeleka?"

Bakili alitazama chini.

"Basi nimekwisha jua," alisema Bi Mgeni. "Kesho asubuhi nitakuja. Lakini mimi nina ubani na maneno tu. Ufunguo unao wewe. Aliyeunganisha kwa kimya hutengua kwa mdomo, mbele ya wale aliowafanyia. Ukibakiza hata neno moja, yule mwanamke na mtoto wake uwahesabu wamekufa."

Asubuhi walimkuta Abbasi ndani ya gari, milango imejifunga. Midomo yake ilikuwa mikavu, na alipofunua mdomo ilitoka sauti ya kike. Bi Mgeni alizunguka gari mara saba na kitezo, akisoma, moshi ukizagaa ua mzima. Wapangaji walikuwa wamejazana ukumbini, hakuna anayethubutu kuvuka kizingiti. Sabaha alikuwa ameketi juu ya mkeka, uso umesawajika.

"Toka," Bi Mgeni alisema.

"Sitoki. Nimeposwa," ilijibu ile sauti ndani ya kifua cha Abbasi. "Mshenga wangu yupo hapo. Mwulizeni."

Kila mtu alimgeukia Bakili. Alihisi macho ya Sabaha kuliko ya wote.

"Nilikigusa kiti cha dereva, kilikuwa na joto," alianza, na sauti haikutosha. Akaanza upya. "Nilijua kuna kitu. Sikusema."

"Bado," ilisema sauti, ikicheka.

"Lile la Kijapani lilikuwa zima. Nilikudanganya, Abbasi. Nilikuonea kijicho."

"Bado, mshenga. Mbona unaona haya? Sema lile la mwisho."

Bakili alimtazama Bi Mgeni. Bi Mgeni hakumsaidia. Sabaha aliinama, akashika tumbo, akaguna kwa maumivu, na kwenye vioo vya gari, kwa ndani, ukungu ukaanza kupanda.

"Nilipoanza kusikia Abbasi anaongea humo ndani," Bakili alisema, na sasa maneno yalitoka kama matapishi, "nilijua yule jini atamwangamiza. Nilijua na shemeji ataumia. Nikafunga dirisha. Nilifurahi. Nilikaa kitandani kwangu nikafurahi."

Kisha gari likatikisika toka mbele hadi nyuma, magogo yakachomoka, likaanguka chini kwa kishindo kilichopasua vioo vyote kwa pamoja. Udi ukavuma ukawapita watu usoni kama upepo wa mlango uliofunguliwa, ukatokea barabarani. Kilichobaki ni harufu ya gari kuukuu: oili, kutu, ngozi iliyooza. Na mlango wa dereva ukafunguka.

Walimtoa Abbasi wakamlaza mkekani, kichwa mapajani kwa mkewe. Alikunywa maji, kikombe kizima, na cha pili. Kisha akamtafuta Bakili kwa macho.

"Nilikuwa nasikia," alisema. "Yote." Alivuta pumzi. "Difu halikuwa linalia?"

"Halikulia."

Abbasi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubaliana na jambo la zamani. "Nilijua sisikii kitu," alisema. "Nikasema, lakini Bakili ndiye anayejua."

Hilo ndilo neno la mwisho Abbasi alilomwambia. Kabla ya Ijumaa yeye na mkewe walihamia Buguruni, na Bakili hakuitwa kubeba hata kiti. Kwa amri ya Bi Mgeni alilifungua gari lile peke yake, nati kwa nati, akawapa wachukua vyuma chakavu, na kwa wiki mbili hakuna mtu wa nyumba ile aliyemsogelea kumshikia taa. Alisikia kwa wengine kwamba Sabaha amejifungua salama, mtoto wa kike. Alinunua sabuni na kitenge, akafika hadi kona ya Buguruni, akageuza.

Alirudi Feri siku moja, kuuliza kama kweli yule ameondoka.

"Kwenye gari ametoka," Bi Mgeni alisema. "Kwa yule bwana ametoka. Nilimwuliza anakwenda wapi, akasema haendi popote asipoitwa."

"Nani atamwita?"

Bi Mgeni alimpa kibua kwenye gazeti, hakutaka malipo, akageukia mteja mwingine.

Miezi ilipita. Bakili alifanya kazi, alisali, alizungumza kidogo. Mchana mmoja, mafundi wengine wakiwa wamekwenda kula, alikuwa peke yake ndani ya shimo la gereji, amesimama chini ya lori. Pius, fundi mdogo ambaye Bakili alikuwa akimfundisha kazi, akaja mbio na barua mkononi, akachuchumaa ukingoni.

"Kaka Bakili! Nimepata! Ujerumani Mashariki, kusomea ufundi, miaka mitatu! Wamenichagua mimi!"

"Hongera sana, mdogo wangu," Bakili alisema, na mdomo wake ulitabasamu vizuri. "Umestahili."

Pius alikwenda kuwatafuta wengine awape habari, na hatua zake zikapotelea barabarani. Bakili alirudisha spana kwenye nati. Ndani ya kifua chake, pembeni kidogo ya moyo, kitu kidogo kilifinya.

Nyuma yake, ndani ya shimo ambalo halikuwa na mtu mwingine, sauti nyororo ya mwanamke ikaitika kwa adabu, kama wanawake wanavyoitika wakisikia jina lao:

"Abee."